Mama wa Mzee Nzuki

Kalunde alikuwa na miaka thelathini na minne alipopata mtoto wa kiume wa miaka sabini na mitano. Hakumbeba, hakumnyonyesha, na mtoto mwenyewe alifika na mvi zake, kofia ya sufu na mguu mmoja wa kuburuta. Ukiishi Machakos muda wa kutosha, jambo la namna hiyo halikushangazi. Wakamba hurithisha majina, na anayebeba jina la mama yako, hata akiwa bado ana meno ya utoto, ni mama yako. Utamwita Mwaitu, yaani mama, na utampisha kwenye kiti.

Kilichowashangaza watu ni kazi yake. Kalunde alikuwa tabibu wa muziki katika kituo kidogo nyuma ya soko, kinachopokea watu waliopatwa na kiharusi na wale walioumia ajalini. Bawabu wa kituo, miezi yote ya mwanzo, alikuwa akiona gitaa likiingia langoni anauliza harusi ni ya nani. Akina mama wa sokoni walimwita daktari wa gitaa. Mama yake mzazi kule Kithimani, aliyeuza ng'ombe ili binti asome, aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba Kalunde anafanya kazi ya hospitali, na hapo akaiachia hadithi, maana akiendelea ataulizwa maswali.

Kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu maneno yote, ashindwe hata kutaja jina la mkewe, kisha umwanzishie wimbo wa ujana wake, atoe ubeti mzima bila kukosea. Maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayalali chumba kimoja kichwani. Kalunde alikuwa akipitia ule mlango wa pili. Anaanzisha, mgonjwa anapokea, naye anamgonga kiganja taratibu kwa kila silabi, mpaka siku moja neno linatoka bila kusindikizwa na wimbo. Alikuwa na sauti tamu, sauti ambayo ukiisikia dirishani unasimamisha mkokoteni. Na alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe, ambao hakuna aliyempa dawa: neno hapana lilikuwa likimkwama kooni.

Aliyeujua ugonjwa huo vizuri ni Firdaus, mshauri mkuu wa kituo, mwanamke wa Majengo ambaye wazee wake walikuja Machakos na biashara kutoka pwani wakasahau kurudi. Kila Ijumaa, Firdaus akishatoka kuswali, Kalunde alikaa mbele yake wakazungumza juu ya kazi ya wiki. Ndiyo desturi ya kazi hii, kwa sababu mtu anayewashika wengine mkono naye huhitaji wa kumshika. Firdaus alikuwa amemwambia tangu mwanzo: usiwape wagonjwa namba yako ya nyumbani, usile kwao, na saa ikiisha imekwisha. Kalunde alikubali yote matatu. Kukubali hakukuwahi kumshinda.

Mzee Nzuki aliletwa na binti yake Ndunge, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye kibanda cha mitumba sokoni na mdomo usiolala. Walikuwa wametoka Iveti, kwenye miteremko ya juu ya mji. Mzee alikuwa amekaa nusu mwaka bila kusema kitu. Neno moja tu lilimbakia.

"Aiee," alisema Kalunde alipomkaribisha kiti.

"Hiyo ndiyo iko nayo pekee yake," Ndunge akaeleza. "Hapana. Ukimpa chai, aiee. Ukimwambia alale, aiee. Ukimuuliza jina, aiee. Daktari, baba yangu amekuwa mtoto wa miaka miwili."

Basi wakakaa chumba kimoja, mzee aliyebakiwa na hapana peke yake, na tabibu aliyekosa hiyo hapana. Lau wangeweza kugawana siku ile, hadithi hii isingekuwepo.

Kwa kawaida Kalunde alijitambulisha kwa cheo. Siku ile, labda kwa sababu mzee alikuwa amekazia macho sakafu kama mtoto aliyeadhibiwa, alichutama mbele yake akasema tu, "Mimi naitwa Kalunde."

"Uui!" Ndunge alijipiga paja. "Kalunde ni mama yake! Ni susu wangu huyo, nyanya yangu, alituacha nikiwa darasa la tatu!" Akamwangalia tabibu kuanzia viatu mpaka nywele, akacheka. "Sasa wewe ni susu wangu, na mimi nakushinda umri."

Mzee aliinua macho.

Kalunde aliuliza mzee alikuwa akiimba nini ujanani, na Ndunge akapata uwanja. Baba yake alikuwa mwanzishi wa nyimbo za mwethya, kile kikundi cha kulimiana ambacho kila nyumba hutoa jembe moja na zamu huzunguka. Mitaro mingi ya kuzuia maji unayoiona Iveti ilichimbwa kwa sauti yake. Yeye husimama ukingoni, huanzisha, na majembe hupokea.

"Na alikuwa mkali! Mtu akianzisha vibaya, anasimamisha majembe yote mpaka wimbo uanze tena. Na jioni akisema majembe chini, ni chini. Hata kama imebaki mkono mmoja tu wa mtaro. Hakuna kuongeza."

"Na mtu akiongeza?"

"Anachekwa mpaka nyumbani kwake. Baba alikuwa anasema shamba haitoroki, ni mgongo inatoroka."

Kalunde alizijua nyimbo za aina ile, maana hata Kithimani watu walichimba. Akaushika mkono wa kushoto wa mzee, ule mzima, akaanza kuugonga kwa mwendo wa jembe: chini, juu, chini, juu. Akaanzisha. Mzunguko wa kwanza mzee alinyamaza. Wa pili koo lilinguruma. Wa tatu akapokea, kitikio kizima, kwa sauti nene yenye vumbi. Na wimbo ulipokwisha alimshika Kalunde mkono wa sweta, akautazama uso wake sana, kisha akasema neno lake la pili tangu augue.

"Mwaitu."

Ndunge akalia waziwazi, na Kalunde akajua amekwisha.

Wiki zilizofuata zilikuwa za furaha, tusiseme uongo. Maneno yalirudi mojamoja: maji, chai, jua, mbuzi. Yote yalikuja kwa mlango wa wimbo, Kalunde akianzisha, mzee akipokea. Kipindi kikiisha mzee alimshika mkono wa sweta hakumwachilia, na Kalunde alibaki. Robo saa, kisha nusu, kisha mgonjwa wa pili akawa anangoja barazani akipiga miayo. Nani angemng'oa mzee vidole, naye anaita mama?

Ila kulikuwa na kitu kimoja. Nyumbani mzee hakusema lolote. Ndunge akimuuliza unataka maji, neno ambalo asubuhi alikuwa ameliimba mara ishirini, alijibiwa aiee.

"Nipe namba, susu," Ndunge alisema. "Ya dharura tu."

Dharura ya kwanza ilikuja jioni ileile. Mzee amekataa chakula. Kalunde alisimama jikoni kwake Mumbuni, simu sikioni, akamwimbia mzee wa Iveti wimbo mzima wa kulima mpaka akasikia kijiko kikigonga sahani upande wa pili, huku ugali wake mwenyewe ukiungua. Mumewe, Justus, fundi wa pikipiki na mtu mwenye subira ya fundi, alimpokonya mwiko akamalizia kusonga. Jioni ya pili simu ikalia tena. Mwisho wa mwezi ilikuwa desturi, kama kufunga kuku.

Kisha Jumapili moja akaenda Iveti, akala. Mama haendi kwa mwanawe mikono mitupu, kwa hiyo alibeba sukari na shuka. Walimpa kiti chenye mto. Wajukuu wa boma walipanga foleni kumsalimia susu, na mmoja wao alikuwa na ndevu. Alichinjiwa kuku, akapewa filigisi, na mzee akaketi kando yake akitabasamu upande mmoja wa uso. Kalunde alifurahi mno siku ile. Kupendwa hivyo, bila kudaiwa lolote ila kuwepo, ni kitu ambacho wengi wetu tungekipandia mlima kila Jumapili.

Nyumbani kwake, hata hivyo, palikuwa pameingia ukimya. Zamani Kalunde alikuwa akipika huku anaimba, akifua huku anaimba, na bintiye Wanza alizoea kulala kwa wimbo. Siku hizi alifika amekauka.

"Mama, imba."

"Koo limechoka, Wanza. Kesho."

Justus alivumilia kesho nyingi, kisha usiku mmoja akasema, akitafuta stesheni, "Mama Wanza, hii nyumba iko na mwimbaji, lakini sisi tunasikiza redio."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana iliuma.

Mama yake wa Kithimani naye alikuwa amengoja. Safari mbili zilikuwa zimeahirishwa, kunde zilikuwa tayari, na mama alipiga simu kwa sauti ya adabu nyingi, ile ambayo mtoto yeyote anaijua na kuiogopa. "Nasikia uko na kijana mkubwa siku hizi. Mwambie nyanya yake wa Kithimani anamsalimia. Na ukimaliza kumlisha, ukumbuke hata mimi nilikuzaa."

Kalunde akaapa: Jumamosi ya tatu kutoka hapo, yeye, Justus na Wanza, Kithimani, hata mvua inyeshe mawe.

Na ni Jumamosi hiyohiyo ambayo Ndunge alikuja kuitaja.

Binti ya Ndunge, Mwelu, alikuwa amepata mchumba, na wakwe walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo. Bila mbuzi hao, kwa Mkamba, hata ufunge ndoa kanisa gani, bado hujaoa. Ndunge alirudi kwao zamani na mtoto mgongoni, kwa hiyo baba wa Mwelu katika mambo hayo ni babu yake. Nzuki ndiye wa kuwapokea mbuzi kwa kinywa chake na kumbariki msichana mbele ya wageni. Asipoweza, kulikuwa na mdogo wake, Muindi, mtu wa maneno mengi, ambaye tayari alikuwa amepeleka koti kwa dobi. Nzuki angekaa pembeni na blanketi magotini, watu wampite wakimwambia pole.

"Wewe ukae tu kando yake, susu," Ndunge alisema. "Uanzishe, yeye apokee. Wakwe wakiuliza huyu ni nani, tunawaambia ni mama yake. Si ni ukweli?"

Mzee alikuwa anasikiliza. Alielewa kila kitu, hilo lazima lijulikane. Kiharusi kilikuwa kimemfunga ulimi, akili hakikuigusa. Macho yake yalikuwa juu ya Kalunde, na ndani yake mlikuwa na hofu ya mwanamume anayeogopa kufanywa kiti nyumbani kwake.

Kalunde alifungua kinywa aseme atafikiria. Kikatoka, "Nitakuja."

Ijumaa alimsimulia Firdaus, akianza na sehemu nzuri. Firdaus alimsikiliza mpaka mwisho, akajifunga mtandio upya, jambo alilolifanya kila alipotaka kusema kweli.

"Mwanangu, mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Lakini mzee ananitegemea."

"Naam, nimesikia. Nikuulize: huyu mzee ameshasema neno lolote siku wewe hupo?"

Kalunde alifikiri. "Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi ukishikwa na homa wiki moja, mzee ni bubu tena. Umempa fimbo ya kutembelea, halafu umeishika wewe." Firdaus alimsogelea, akamwekea mkono begani. "Mimi sikukatazi kumpenda. Nani asiyempenda mzee huyo? Lakini yeye amekuja hapa apate maneno ya kusema na watu wake. Hakuja kutafuta mama. Mama alimzika."

Kalunde alitoka na hasira. Alikasirika njia nzima ya kwenda Mumbuni, akakasirika Jumamosi yote akifua, na akifua hivyo alishtuka kwamba alikuwa akifua kimya. Jumapili hasira ilikuwa imekwisha, imebaki aibu. Alikuwa akiupenda sana ule mkono uliomshika sweta. Alikuwa akiupenda kuliko alivyotaka mzee amwachilie.

Jumatatu alijikohoza kama msemaji wa ukoo. Alichutama mbele ya mzee, Ndunge akiwa kando, akasema yote kabla koo halijafunga.

"Jumamosi sitakuja. Naenda kumwona mama yangu. Na jioni, baada ya saa kumi na mbili, simu yangu inalala. Si kwamba nimechoka na wewe. Nitakuwa hapa kila siku yetu, saa yetu yote."

"Aiee," mzee alisema, akamshika sweta.

"Ndiyo."

"Aiee! Mwaitu!"

Hapo Kalunde alikaribia kuvunjika, na machozi yalimjaa. Lakini katika kutafuta pa kushika alilikumbuka jina lenyewe lililomfunga. Kama ni mama, basi ni mama. Mama hubembeleza, na mama pia hutuma.

"Mimi ni nani wako?"

Mzee akainua macho kutoka kwenye sweta.

"Mama akikutuma, unaenda ama unakataa? Nakutuma kwa Ndunge. Kuanzia leo, Ndunge anaanzisha, wewe unapokea. Hata hiyo Jumamosi."

Aliyepiga kelele ni Ndunge. "Mimi? Susu, mimi sauti yangu ni ya kufukuza nyani kwa mahindi! Kanisani waliniomba nikae na wale wa kupiga makofi!"

"Utafukuza nyani polepole," Kalunde alisema, "kwa mwendo wa jembe."

Ndunge hakuwa ametia chumvi. Alianzisha juu akamalizia chini, akapotea katikati, akarudi kupitia wimbo mwingine kabisa. Mzee alifumba macho na midomo. Kalunde aliketi juu ya viganja vyake, kweli, aliviweka chini ya mapaja asije akavitumia, akauma ulimi wimbo usimtoroke. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kufanya kuliko ile ya kunyamaza. Ikapita wiki, ikapita ya pili. Mzee hakupokea kitu. Nyumbani alilala njaa usiku wa kwanza, na wa pili. Wa tatu alikula, akiwa amenuna. Kalunde aliitazama simu iliyozimwa juu ya kabati kama mtu anayetazama mtoto analia nje ya mlango, na Justus akamtengenezea chai.

"Na akishindwa mbele ya watu?" Ndunge aliuliza siku ya mwisho kabla ya ntheo. Safari hii hakuwa anatania.

"Sijui," Kalunde akajibu, na hiyo ilikuwa kweli yote aliyokuwa nayo.

Jumamosi Kithimani kulikuwa na jua la kukausha kunde. Kalunde alikaa mkekani na mama yake wakimenya maganda, mwili hapa, roho Iveti. Saa nne alijua wakwe wamefika. Saa sita alijua wameketishwa. Alimwomba Justus simu. Justus akamwuliza kama anaitaka kweli. Akasema hapana, kisha akashangaa jinsi lilivyotoka kwa urahisi. Hofu haikumtoka, hata hivyo. Alimwona Muindi na koti lake. Alimwona mzee na blanketi. Mama yake, ambaye hakuulizwa kitu na hakuuliza, alimsogezea ungo wa pili, na Kalunde akamenya mpaka vidole vikawa vyeusi.

Jumatatu Ndunge aliingia kabla ya baba yake, na sauti yake ilikuwa imefika barazani kabla yake mwenyewe.

"Susu! Keti kwanza. Keti!"

Muindi, alieleza, alikuwa amesimama tayari na koti lake, amekohoa mara mbili. Ndunge akaona baba anavyotazama chini, uchungu ukamshika, akasema potelea mbali, akaanzisha. "Nikaanza juu, ikanikata. Wakwe wakaangalia viatu. Nikaanza tena chini, ikakata tena, mbuzi mmoja akalia, watoto wakacheka. Nikasema wacha nijaribu ya tatu. Ndiyo baba akapiga fimbo chini!" Alipiga sakafu kwa kiatu kuonyesha. "Akasema, aiee! Si hivyo!"

"Akasema?"

"Si hivyo! Kwa mdomo yake, bila kuimba, watu wote wakisikia! Muindi akabaki mdomo wazi. Hata mimi nikaogopa, nikawa mtoto tena. Halafu baba akasimama, akaianzisha mwenyewe. Mwenyewe, susu! Na pale kulikuwa na wazee watatu wa mwethya, walikuwa wamekaa nyuma wakingoja nyama. Wakapokea. Akaingiza jina ya Mwelu kwa wimbo, akaingiza mbuzi, akashukuru wakwe. Na wimbo ikaisha, akamwekea mtoto mkono kichwani, akasema, Mwelu, enda na amani. Polepole, moja moja, lakini amesema." Ndunge alijifuta uso kwa leso. "Wakwe wanauliza ni nani alimfundisha. Nikawaambia ni sauti yangu mbaya."

Kalunde alicheka, akalia, akacheka tena. Na katikati ya furaha hiyo kitu kilimchoma, akakitambua ni nini. Miezi yote ile alikuwa amemwanzishia mzee vizuri, kwa sauti tamu, bila kosa hata moja la kusahihisha. Mwanzishi wa Iveti nzima, yeye alikuwa amemfanya mpokeaji. Sasa mzee amesimama mwenyewe, na yeye, aliyempenda hivyo, hakuwepo kuona. Ilimuuma, na hakuona haya kwamba imemuuma.

Mzee Nzuki akaingia akiburuta mguu, kofia imekaa upande kama ya kijana. Kipindi kile kilikuwa kama sikukuu. Mzee alianzisha, Kalunde akapokea. Akaanzisha mwingine. Kalunde alimwomba ule wa Jumamosi, kisha akaomba aurudie, kisha aurudie tena. Ndunge alikuwa ameenda kufunga kibanda. Jua lilikuwa limeondoka dirishani, barazani bawabu alikuwa anachezesha funguo kwa makusudi, na saa yao ilikuwa imekwisha zamani.

"Mara moja tu," Kalunde alisema, na alipotazama aliona ni yeye aliyeshika mkono wa koti la mzee.

Mzee aliutazama ule mkono, akautazama uso wake. Kwa mkono wake mzima akavitoa vile vidole, kimoja kimoja, kwa upole, akavilaza juu ya gitaa.

"Mwaitu," alisema. Alitafuta kidogo, akapata. "Majembe chini."

"Wimbo mmoja tu. Umebaki mkono mmoja."

"Aiee," alisema mzee Nzuki, na upande mmoja wa uso wake ukatabasamu.

Kalunde akaliingiza gitaa kwenye mfuko, akafunga zipu, akamtakia bawabu usiku mwema, akaenda nyumbani kwake Mumbuni. Wanza alikuwa bado macho, na mama yake alifika akiwa na sauti.